Binti Anaripoti Kidato cha Tano Shule ya Bweni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi na mabinti waliopangiwa Kidato cha Tano katika shule za Serikali za bweni za wasichana hapa Tanzania: Kilakala, Msalato, Weruweru, Loleza, Tabora Wasichana, Rugambwa na nyinginezo. Kila shule ina utaratibu wake, kwa hiyo pale fomu ya shule inaposema tofauti na tulivyoandika hapa, fuateni fomu. Tumekaa zaidi kwenye mambo ambayo fomu huyataja kwa mstari mmoja tu, maana hayo ndiyo huwaliza watoto wiki ya kwanza.

Tumeona jina lake kwenye orodha ya TAMISEMI. Tuanzie wapi?

Pakueni fomu ya kujiunga kwenye tovuti ya TAMISEMI, na mhakikishe ni ya shule yenyewe. Kuna Tabora Wasichana na Tabora Wavulana, kuna Bwiru Wasichana na Bwiru Wavulana. Ukiichapisha ya jirani, utashona sketi ya rangi isiyotakiwa.

Kisha anzeni na uchunguzi wa afya kabla ya kununua hata ndoo. Karatasi hiyo hujazwa hospitali ya Serikali, na ndiyo inayokwamisha watu wengi siku ya kuripoti: mhuri haupo, daktari ameandika jina bila saini, au sehemu ya kundi la damu imeachwa wazi. Isomeni mstari kwa mstari mkiwa bado dirishani pale hospitali. Baada ya hapo kusanyeni cheti cha kuzaliwa, nakala ya matokeo ya Kidato cha Nne, cheti cha kumaliza shule alikotoka na picha za pasipoti. Toeni nakala mbili za kila kitu, seti moja ibaki nyumbani. Kama cheti cha kuzaliwa hana, fuatilieni RITA, wakala wa usajili wa vizazi, sasa hivi. Atakihitaji tena akiomba mkopo wa chuo kikuu.

Ada si imefutwa? Mbona fomu ina michango?

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Inayobaki ni michango iliyoorodheshwa kwenye fomu pamoja na vifaa. Lipeni kwa kontrol namba au akaunti iliyoandikwa kwenye fomu, jina la mwanafunzi lionekane kwenye risiti, na mje na risiti halisi pamoja na nakala. Usimkabidhi mtu fedha taslimu, hata akisema ametumwa na ofisi.

Kama mchango haujatimia, mpelekeni mtoto na barua fupi kwa mkuu wa shule: mna kiasi gani leo, kilichobaki kitalipwa lini. Kumfungia nyumbani mpaka fedha zitimie ndilo kosa linalomgharimu, kwa sababu siku za kuripoti zina ukomo. Kwa kawaida tangazo hutoa siku 14 tangu shule ifunguliwe, na baada ya hapo nafasi inaweza kupewa mwingine. Kama ni mgonjwa au mmefiwa, pigeni simu shuleni kabla siku hizo hazijaisha, na msiishie kwenye simu: tumeni barua.

Vifaa vya bweni ni vingi. Vipi visikosewe?

Godoro ndilo hukosewa zaidi. Vitanda vya mabweni mengi ni vya chuma, vya ghorofa, na godoro lake ni futi 2.5 kwa 6. La futi 3 linaning'inia pembeni na mtoto analala ameinamia upande. Unene inchi 4 unatosha, 6 ni mwisho. Mzazi mwenye huruma hununua la inchi 8, na hapo ndipo hatari ilipo: kitanda cha juu kina chuma cha kumzuia mtu asianguke, na godoro nene humwinua mtoto akawa juu ya chuma hicho. Lishonewe kava la kitambaa lenye zipu. Kunguni hujificha kwenye mishono ya godoro na kwenye viungio vya kitanda, kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kutandika, viungio vimwagiwe maji yanayochemka.

Chandarua kiwe cha pembe nne. Cha duara kinahitaji kuning'inizwa kwenye dari, na anayelala kitanda cha chini hana dari; juu yake kuna chuma za kitanda cha mwenzake. Mpe na kamba ya mita nne hivi, aikate vipande vinne na kufunga kila pembe.

Tranka liwe la bati gumu. Jaribu mfuniko kwa kuuminya kona kwa kidole gumba. Ukibonyea dukani, bwenini utafunguliwa kwa kijiko bila kugusa kufuli. Kufuli liwe la ufunguo. Funguo mara nyingi ni mbili au tatu: mmoja auvae shingoni kwa uzi ndani ya nguo, mwingine uwekwe kwenye bahasha yenye jina na kukabidhiwa matroni. Kila mwanzo wa muhula kuna makufuli yanayokatwa kwa msumeno kwa sababu funguo zote zilifungiwa ndani ya tranka.

Ndoo ziwe mbili, ya lita 20 yenye mfuniko kwa ajili ya kutunza maji, na ya lita 10 ya kuogea. Jina la rangi hufutika kwa wiki mbili za kusuguliwa na sabuni. Pasha msumari moto, mshike kwa koleo, na uchome jina ubavuni na chini ya kitako, ukigusa juu juu ili usitoboe. Kisha vua ule mshikio wa waya na funga kamba ya katani. Waya hukata vidole na huchomoka njiani ndoo ikiwa imejaa.

Yaliyobaki kwa haraka: shuka jozi mbili za rangi iliyotajwa, blanketi, sahani, bakuli, kikombe na kijiko vya chuma (vya plastiki hupasuka), beseni, ndala, raba za michezo, chupi nane hadi kumi, na khanga doti moja. Khanga usiiache. Binti atajifunga akienda kuoga, atajisitiri nayo akibadili nguo mbele ya wenzake thelathini, na atajifunika akiumwa. Madaftari makubwa ya kaunta buku, rimu ya karatasi, na kwa wa sayansi na hesabu, kikokotoo cha kisayansi. Jembe, reki, fyekeo na fagio huwa vimegawanywa, kila mwanafunzi na chake, na vikishapokelewa ni mali ya shule.

Msinunue hita, jagi la umeme wala pasi ya umeme kwa ajili ya bwenini. Nyaya za mabweni zimewekwa kwa ajili ya taa, hazibebi mzigo wa hita tano kwa pamoja, na moto wa bweni usiku hauna huruma. Mshumaa nao ni marufuku kwa sababu hiyohiyo, na chandarua kilicho jirani huwaka kwa sekunde chache.

Tunatoka Dar. Sweta moja si inatosha?

Inategemea mnaenda wapi. Muhula unaanza Julai, mwezi wa kipupwe. Mbeya mjini iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Binti wa Loleza anahitaji sweta mbili nzito, soksi ndefu, blanketi zito na fulana ya kuvaa ndani. Dodoma mchana kuna jua, usiku kuna baridi kavu na upepo wenye vumbi. Wa Msalato abebe mafuta mazito ya midomo na ngozi, na mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta. Wa Bukoba abebe mwavuli.

Kwa wasafiri wa mbali, godoro na ndoo mnaweza kununua mji wa shule na kuepuka gharama ya mzigo kwenye basi. Wanaopanda treni ya SGR kwenda Morogoro au Dodoma waulize masharti ya mizigo kabla ya kukata tiketi.

Sare tushone nyumbani au shuleni?

Kama fomu inasema sare zinapatikana shuleni, subirini, maana rangi ya kitambaa cha mtaani mara nyingi hukosa kwa kivuli kidogo na mtoto akatakiwa kushona upya. Mkishona nyumbani, mpeni fundi mchoro ulio kwenye fomu na mwambieni aache pindo la inchi tatu chini ya sketi. Wasichana wa umri huu bado wanarefuka. Viatu vyeusi vya kamba, visigino vifupi. Nywele ziwe fupi: suka, wigi na dawa vyote huishia getini. Wanaovaa hijabu wazingatie rangi na urefu uliotajwa, na wabebe angalau tatu, kwa sababu moja huwa kwenye kamba, moja kichwani na moja inasubiri.

Siku ya kuripoti inakwendaje?

Fikeni kabla ya saa 4 asubuhi ikiwezekana. Getini mlinzi ataandika majina. Mezani kwa mapokezi mnakabidhi fomu, vyeti na risiti. Karatasi isiyo na mhuri ndipo inapoonekana. Kinachofuata ni ukaguzi wa mizigo, na matroni hufungua kila kitu, hata boksi la sabuni. Usione ni dharau. Simu hufichwa ndani ya mkate, ndani ya pakiti ya pedi na kwenye pindo la godoro, naye anayajua yote hayo.

Vifaa vya usafi na rimu hupokelewa stoo, mtoto anapewa bweni na namba ya kitanda, mara nyingi na kiranja wa Kidato cha Sita wa kumwongoza. Kabla ya kuondoka, mzazi hakikisha una namba za simu tatu: ya ofisi, ya matroni na ya mwalimu wa malezi. Na binti awe na namba zako kwenye karatasi, kwa sababu wengi huzijua kwa jina lililo kwenye simu tu.

Ratiba ya siku ikoje?

Kengele hulia saa 11 alfajiri. Usafi wa eneo hadi saa 12 na nusu, mstarini karibu saa 1 na robo, vipindi vinaanza kati ya saa 1 na nusu na saa 2, uji katikati ya asubuhi, chakula cha mchana saa 8 na kitu. Alasiri kuna michezo, kilimo au kufua. Chakula cha jioni ni kabla giza halijaingia, kisha prepo (kujisomea usiku) kuanzia saa 1 na nusu hadi saa 4 kasoro, kuhesabiwa bwenini, na taa zinazimwa kama saa 4 na nusu.

Ukiipiga hesabu, usingizi ni saa sita na nusu. Anayekesha na tochi chini ya shuka kupiga msuli wiki nzima huanza kusinzia kipindi cha pili, na wiki ya tatu anaumwa kichwa kila siku. Walimu wa taaluma wanalisema hili kila mwaka, na bado wanaingia njuka (wageni wa Kidato cha Tano) wanaodhani kukesha ndiko kufaulu.

Maji yakikatika?

Yatakatika, hasa mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba. Ndoo ya lita 20 ijazwe kila jioni hata kama bomba linatoka. Lita 10 zinatosha kuoga kwa utaratibu huu: vikombe viwili kulowa, sabuni mwili mzima, kilichobaki kusuuza, na maji machafu yaliyokusanywa kwenye beseni yakamwagwe chooni.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Mengi hayachemshwi jikoni. Vidonge vya kutibu maji vya aina ya kawaida ni kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, kusubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope hula nguvu ya dawa. Someni pakiti yenu, vipimo vinatofautiana.

Pedi ngapi zinatosha, na hedhi bwenini inakuwaje?

Hesabu ya kawaida ni siku nne au tano, pedi nne kwa siku, yaani 16 hadi 20 kwa mwezi. Pakiti nyingi za dukani zina pedi 8 au 10, kwa hiyo pakiti mbili hadi tatu kila mwezi. Mpe za miezi mitatu tangu mwanzo, maana duka la shule likiishiwa, linaishiwa wote kwa siku moja. Baba au kaka ukimsindikiza wewe, nunua bila haya. Binti anayeona haya kukuomba atatumia kitambaa kichafu kimyakimya.

Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Haitupwi chooni, inakunjwa, inafungwa kwenye karatasi na kupelekwa kwenye kichomea taka. Vyoo vya bweni vikiziba mwezi wa kwanza, sababu huwa ni hiyo. Wanaotumia pedi za kitambaa wawe nazo angalau sita. Zilowekwe kwenye maji ya baridi kwanza, kwa sababu ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, kisha sabuni, kisha zianikwe juani. Akiona aibu, atandaze khanga nyepesi juu yake, jua litapenya. Kuzificha chini ya godoro zikauke gizani ndiko kunakoleta muwasho na harufu.

Mzunguko unaweza kuruka au kuja mara mbili muhula wa kwanza. Safari, chakula kipya na wasiwasi hufanya hivyo kwa wengi. Ukikosekana miezi mitatu, au damu ikilowesha pedi kila saa, aonane na muuguzi.

Hapa tuseme pia kuhusu UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kwa sababu mabwenini kila maumivu ya tumbo huitwa UTI. Kweli ipo sana: wasichana hubana mkojo kwa kuogopa vyoo vichafu, na hawanywi maji ili wasiende chooni usiku. Dawa ya kwanza ni kunywa maji, kwenda haja ukibanwa na kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Akiungua akikojoa, apimwe mkojo kabla ya kupewa antibayotiki. Kugawana vidonge na rafiki wa kitanda cha jirani humwacha kila mmoja na nusu dozi na ugonjwa sugu.

Ana ugonjwa wa muda mrefu. Tumwambie nani?

Matroni, muuguzi, mwalimu wa darasa na rafiki mmoja wa bweni. Mwenye selimundu, pumu, kifafa au vidonda vya tumbo aje na barua ya daktari inayosema dawa, kipimo, saa, na dalili za hatari. Dawa hukabidhiwa kwa muuguzi, isipokuwa ile ya pumu ya kuvuta, ambayo lazima awe nayo mwenyewe. Ombeni ruhusa hiyo kwa maandishi. Kadi ya bima, kama anayo, iwe shuleni, na nakala nyumbani.

Chakula?

Ugali na maharage ndio msingi, makande siku moja au mbili, wali na nyama siku maalumu. Chakula kilichopikwa nyumbani huzuiwa getini kwa sababu huchacha na kuvuta panya. Vinavyoruhusiwa sehemu nyingi ni karanga kavu, unga wa lishe, sukari na maziwa ya unga, vyote kwenye vyombo vyenye mfuniko.

Tumwachie shilingi ngapi, na simu je?

Fedha iwekwe kwa mwalimu au ofisi inayotunza, achukue kidogokidogo kwa kusaini daftari. Tranka si benki. Wenye fedha nyingi mkononi ndio huibiwa, na wizi ukitokea bweni zima hupekuliwa na urafiki huvunjika.

Simu ni marufuku katika shule hizi, na adhabu yake inaweza kufika kusimamishwa masomo. Kumpigia, tumieni simu ya matroni kwa saa zilizopangwa. Tafadhali msipige saa za prepo.

Anaweza kubadili tahasusi au shule?

Tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliopangiwa, ndiyo, kama ana ufaulu kwenye masomo anayoyataka na kuna nafasi. Aende kwa mwalimu wa taaluma wiki mbili za mwanzo. Baada ya mwezi atakuwa nyuma kwa mada nzima. Anayetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) kwenda PCB (fizikia, kemia na biolojia) kwa kuogopa hesabu ajue bado atakutana nazo kwenye hesabu za msingi. Uhamisho wa shule ni mrefu, unahitaji barua, nafasi upande wa pili na idhini ya ngazi za juu. Aripoti alikopangiwa, maombi yaendelee huku anasoma.

Njuka wanaonewa?

Kuna mizaha ya kawaida, kama kuimbishwa mbele ya bweni, na kuna uonevu: kufulishwa nguo za wakubwa, kunyang'anywa maji, kulazimishwa kutoa sukari, kupigwa. Huo wa pili haukubaliki, na viranja hawana mamlaka ya kuchapa mtu. Hata kwa walimu, kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, kwa idhini ya mkuu wa shule, ziandikwe kwenye daftari, na msichana achapwe na mwalimu wa kike pale yupo. Binti azijue hizi kabla hajaondoka nyumbani. Aanze kwa matroni au mwalimu wa malezi. Akiona haisikilizwi, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, hata kwa simu ya kuazima.

Tunasema wazi: mwalimu, mlinzi au mfanyakazi yeyote anayemwita binti peke yake usiku hana sababu njema. Asiende.

Tumesikia wasichana wanaanguka na kupiga mayowe. Ni mapepo?

Jambo hili ni la zamani na limechunguzwa. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hakuna mwalimu hata mmoja. Madaktari hawakupata sumu wala vijidudu. Ni mwili unaosema mzigo ambao mdomo haujasema, na huambukizana kwa kuonana na kusikiana.

Mabinti hawaigizi, kwa hiyo kuwafokea au kuwachapa huongeza. Kinachosaidia ni kumtoa aliyeanguka mbele ya macho ya wenzake, chumba kimya, mtu mmoja mtulivu anayemjua, maji, na apimwe malaria, sukari na kifafa. Watazamaji warudishwe darasani. Maombi yafanyike kwa sauti ya utulivu kama mtoto anayataka. Umati unaokemea kwa kelele hufanya wawili kuwa ishirini. Tatizo huzidi wiki za mitihani na chakula kikipungua, na hapo ndipo uongozi uangalie.

Vikundi na michezo vinaanza lini?

Wiki ya pili au ya tatu. Kuna mdahalo, netiboli, voliboli, skauti, klabu za masomo, na vyama vya dini kama TYCS (Wakatoliki), UKWATA (Waprotestanti) na TAMSYA (Waislamu). Achague kimoja cha akili na kimoja cha mwili. Sherehe ya kukaribisha Kidato cha Tano huja baadaye, na mchango wake ni wa hiari. Asikope kwa ajili ya gauni.

Amepiga simu analia anataka kurudi. Tumfuate?

Siku za tatu hadi kumi ndizo ngumu. Muulize maswali mahususi: umekula nini leo, unalala na nani jirani, kuna mtu amekugusa au kukutisha? Kama majibu ni upweke tu, mwambie utampigia Jumapili saa fulani, na umpigie saa hiyohiyo. Ahadi ya saa humshika kuliko maneno mengi. Kama kuna woga wa mtu, haliwi swali la kuvumilia, panda basi.

Siku ya kutembelewa tulete nini?

Mfuko wa sabuni, pedi za miezi inayofuata, ndoo mpya kama ile imepasuka, na chakula cha kula pamoja hapohapo chini ya mti. Leteni cha kutosha watu wawili zaidi, maana lazima kuna rafiki ambaye wa kwao hawakuweza kuja.